Jino la Mama Mkwe

Ninyi mlioanza kazi juzi, mgonjwa akija na jino msimcheke moyoni. Najua mnavyowaza, maana nami niliwaza hivyo hivyo: huyu ana malaria kali, yule uzazi umemkwama, na huyu naye eti jino, akae benchi angoje. Jino linaua, wanangu. Linaua kwa siku nne tano huku mwenyewe akiwaambia watu hajambo, na uchafu wake ukishafika kifuani, koleo lako halina kazi tena.

Miaka ya tisini nilikuwa tabibu wa meno pekee katika hospitali moja upande wa Kibondo. Wakimbizi kutoka Burundi walikuwa wamejaa makambini, na wodini kwetu wagonjwa walilala wawili wawili. Chumba changu kilikuwa na kiti kimoja cha mbao chenye kiegemeo cha kichwa, makoleo sita, sufuria ya kuchemshia vyombo juu ya jiko la mafuta ya taa, na tochi. Sokoni watoto waliniita Bwana Meno, wakinikimbia huku wameziba midomo kwa viganja, kana kwamba natembea na koleo mfukoni. Siku moja moja nilikuwa nalo kweli.

Nimeng'oa meno ya polisi, ya katekista, ya wauza dagaa, ya mkuu mmoja wa shule aliyepiga kelele mpaka wanafunzi wake waliokuwa dirishani wakaona haya wakaondoka. Wote hao niliwamulika kinywani kabla sijasema neno. Yupo mmoja tu ambaye sikummulika, naye ni mama wa mke wangu. Jina lake sitaliandika. Kwetu Waha, katika nyumba kama zetu zilizoshika mila, mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina, hali naye, hamtazami usoni, na yeye hali kadhalika. Yeye yuko kaburini Heru Juu na mimi nimezeeka, lakini jina lake bado halinitoki. Humu nitamwita Mama.

Kabla sijafika kwake, niwaambie nilivyofundishwa, ili msidhani nilikuwa mjinga tu.

Kazi ya mikono nilifundishwa Kasulu na Mzee Salumu, mtu wa Tanga aliyeletwa huko na kazi, akaoa, akasahau kurudi. Alinifundisha kwamba jino halivutwi, linasukumwa. Unalisukuma chini kuelekea kwenye taya kama unataka kulizamisha, halafu unaliyumbisha polepole mpaka lenyewe lichoke. Mkono wa kushoto unashika taya la mgonjwa, kwa sababu usipolishika unaweza kumtegua. Mara ya kwanza mimi nilivuta. Jino lilikatikia ufizini, mgonjwa akanitazama, mimi nikamtazama Mzee Salumu, naye akamwambia mgonjwa kwa sauti ya upole, "Pole, bwana. Huyu ameng'oa nusu yake, mimi sasa nitang'oa nusu yangu." Mgonjwa alicheka, na katika kule kucheka Mzee akapata nafasi ya kuingiza chombo.

Lakini Mzee Salumu alikuwa na sheria moja aliyoipata kwa waliomtangulia, na waliomtangulia sijui waliitoa wapi. "Shavu likivimba," alisema, "koleo liweke kabatini. Mpe dawa, angoje uvimbe uishe, ndipo ung'oe." Sababu zake mbili zilikuwa na maana kidogo: ganzi haishiki vizuri penye usaha, na aliogopa kuisambaza sumu. Nchi nzima watu waliamini hivyo, na nikipita vijijini leo nawasikia bado wanaambiana. Niliishika sheria hiyo kuliko hata Mzee mwenyewe.

Sikilizeni jinsi ilivyo. Jino bovu la chini, gego hasa, mizizi yake imefika karibu kabisa na nyama za chini ya ulimi. Usaha ukitoka kwenye mzizi unatafuta pa kwenda. Ukitokea shavuni, mgonjwa ana bahati, maana utauona na utaupasua. Ukiteremka chini ya ulimi, unaingia shingoni. Nyama za shingo zimepangwa kwa tabaka, na katikati ya tabaka na tabaka kuna njia zinazoshuka moja kwa moja mpaka nyuma ya mfupa wa kifua, ulipo moyo. Huko hakuna kuiva. Mtu anayengoja jipu la huko lichongoke kwenye ngozi atangoja mpaka mazishi. Kinachotakiwa ni kung'oa jino lile lile lililoleta balaa, kupasua shingo mapema usaha upate pa kutokea, na kumpa mgonjwa sindano za nguvu, si vidonge.

Haya yote nilikuja kuyaona kwa fundi cherehani mmoja kutoka kambini. Alishushwa kwenye gari ameketi wima, mate yanamtiririka, kidevu kimevimba pande zote mbili. Akaniambia, "Dokteri, niko nakosa pumuzi," na maneno yalimtoka kama ya mtoto aliyejaza ugali mdomoni. Nilimmulika. Ulimi wake ulikuwa umeinuliwa kutoka chini mpaka unakaribia kugusa kaakaa. Nilikimbia kumwita Dokta Matiko, daktari msaidizi wetu, Mkurya mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Alimpasua shingo chini ya kidevu akiwa ameketi vile vile, kwa ganzi ya sindano tu, kwa sababu mtu wa namna hiyo ukimlaza chali koo linaziba. Akaacha vipande vya glavu vikining'inia kwenye majeraha ili usaha uendelee kutoka. Mimi niling'oa gego siku ya pili. Fundi alipona, akanishonea suruali iliyonibana, nikaivaa hivyo hivyo.

Nilimuuliza Dokta Matiko kwa nini hakungoja uvimbe uishe. Akanijibu huku ananawa, "Ungeisha na yeye." Nilicheka, nikaona ni mambo ya fundi yule tu. Sheria ya Mzee Salumu ikabaki palepale kichwani mwangu.

Sasa Mama.

Mke wangu Skola alikuwa amejifungua mtoto wetu wa tatu, na Mama akaja kutoka Heru Juu kumlea mzazi, na mfuko wa maharage na unga wa muhogo kichwani. Ulikuwa mwaka wa zile mvua za Elinino. Nyumba yetu ya serikali ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Mnaweza kupata picha ya watu wazima wawili wasiotakiwa kuonana wanavyoishi katika vyumba viwili. Nikirudi kazini nilikohoa tangu kwenye mti wa mpera ili apate muda wa kuingia jikoni. Yeye akitaka kwenda uani, Skola alitangulia kunipa kazi ya kutazama upande mwingine. Tukikutana kwa bahati mbaya mlangoni, yeye alivuta kanga usoni na mimi niligeukia ukuta, nikausoma kama gazeti. Skola alitucheka sana. Mimi nilimpenda yule mama. Kila nilipoketi kula nilikuta amenichagulia vipande vizuri vya samaki, na najua ni yeye, kwa sababu Skola hakuwahi kunichagulia.

Wiki ya pili Skola akaniambia, "Mama jino linamuuma. Hajalala."

"Mwambie aje kazini kesho. Dakika kumi tu."

Alirudi kutoka jikoni na jibu. "Anasema, nimfumbulie mkwe mdomo? Anasema bora afe nalo."

Nitawaambia ukweli ambao sikumwambia mtu wakati ule. Nilifurahi. Mwili wangu ulikuwa umesisimka kwa kuwaza tu kwamba nitasimama juu ya mama mkwe, nimtie vidole kinywani, nimwone ameachama. Nilifurahi kwamba amekataa yeye, nisikatae mimi. Nilimuuliza Skola kama shavu limevimba, akasema limevimba, la upande wa kulia. Basi, sheria ikanipa mahali pa kujificha: shavu limevimba, hata angekuwa tayari nisingeng'oa. Nikampelekea penisilini ya vidonge na asprini kwa mkono wa mke wangu. Nikapanga kwamba uvimbe ukiisha nitampa barua aende Kasulu, Mzee Salumu amng'oe, maana Mzee Salumu hakuwa mkwe wa mtu yeyote Heru Juu.

Siku tatu nilimtibu hivyo, mimi ninauliza uani, Skola anajibu kutoka jikoni.

"Shavu?"

"Limepungua."

"Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

"Anakula?"

"Anakunywa uji. Anasema hana hamu."

Shavu kupungua nikakuhesabu kuwa ushindi. Sikumuuliza kuhusu shingo. Sikumuuliza kama Mama anaweza kuingiza vidole vitatu kati ya meno ya juu na ya chini, kuonyesha taya halijakaza, jambo ambalo nilimpima kila mgonjwa aliyeingia chumbani mwangu hata akiwa amekuja kwa jino la mbele. Mke wangu hakuwa tabibu. Aliniambia nilichouliza, na niliuliza nilichotaka kusikia.

Siku ya nne, asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu, Skola akasema mama yake anahema. Niliacha kiatu kimoja, nikaenda mpaka kwenye pazia la chumba alicholala. Pazia lilikuwa la kitenge. Nikasimama nje yake, nikamwamkia. Nikauliza, "Mama, unameza mate?"

Alijibu, "Nimepona, baba. Nenda kazini."

Maneno yalikuwa hayo, lakini yalitoka kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Niliitambua sauti ile pale pale. Kitambaa cha kitenge ndicho kilichokuwa kati yangu na yeye, na kila nilichojifunza kwa miaka yote kilikuwa mkononi mwangu, na tochi ilikuwa mfukoni. Sikulivuta pazia.

Nilikwenda hospitali kumtafuta Yudita, nesi wa wodi ya akina mama, ili mwanamke mwenzake aje amwangalie. Mmeona? Hata hapo bado nilikuwa natafuta njia ya heshima. Yudita alikuwa na mzazi anayetoka damu, akasema anakuja. Nikangoja. Wagonjwa wangu watatu nikawang'oa meno nikiwa nangoja, na mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, jambo ambalo linanitia hasira mpaka leo. Jua lilikuwa limeshapita utosini Yudita alipopata nafasi. Aliingia nyuma ya pazia, na hakukaa hata muda wa kuhesabu hadi ishirini. Akatoka akiwa ametoa macho.

"Bwana Meno, wewe una akili? Shingo yote nyekundu mpaka kifuani! Ulikuwa unangoja nini?"

Tulimbeba kwenye kiti cha kulia chakula, ameketi, mimi nimeshika miguu ya nyuma ya kiti ili nisimwone uso. Dokta Matiko aliweka kidole chini ya shingo, juu kidogo ya mfupa wa bega, akabonyeza. Ngozi ikalia chini ya kidole chake, kama unapokanyaga majani makavu. Hiyo ni hewa ya usaha, vijana. Mkiisikia hiyo, msimalize hata sentensi mliyoianza, mkimbilieni kisu.

Alimpasua pande zote mbili. Harufu iliyotoka ilimfanya mhudumu atoke nje. Dokta aliingiza kidole kwenye jeraha la kulia, kikashuka, kikaendelea kushuka nyuma ya mfupa wa kifua, na nikaona uso wake ukibadilika kwa sababu kidole kiliisha na njia haikuisha. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Jino ni lako. Ling'oe sasa hivi."

"Uvimbe..."

"Ng'oa!"

Nilimfumbua Mama kinywa. Taya lilikuwa limekaza, nikalipanua kwa chombo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona uso kwa uso tangu nimwoe binti yake, miaka tisa. Alikuwa na mwanya ule ule wa Skola. Gego la mwisho la chini, kulia, lilikuwa limeoza katikati na linacheza. Lilitoka bila hata kusukumwa. Mtoto wa shule angeweza kuling'oa kwa vidole. Usaha ulifuata nyuma yake mwingi, na nikaelewa kwamba ningelitoa siku ile ya kwanza, shavu likiwa limevimba hivyo hivyo, ungetokea hapo hapo mdomoni, akautema kwenye beseni.

Tulimpa penisilini ya mshipa na dawa nyingine mbili, kila tulichokuwa nacho kabatini. Siku ya pili yake pumzi zikawa fupi, na upande wa kulia wa kifua ukigonga unalia kama gunia lililojaa. Dokta alichoma sindano kati ya mbavu, akavuta usaha. Akamwekea mpira wa kifuani, ncha yake ikazamishwa kwenye chupa ya maji chini ya kitanda. Nilikaa karibu na chupa ile kuwafukuza wanaotaka kuiinua wapige deki, maana chupa ikiinuliwa juu ya kitanda maji yanarudi kifuani. Kile kilichokuwa nyuma ya mfupa, kuzunguka moyo, hatukuwa na namna ya kukifikia. Kilihitaji kufunguliwa kifua, na wa kufungua walikuwa Mwanza. Barabara ya Nyakanazi ilikuwa imekatwa na mvua, malori yamezama mpaka milangoni. Dereva wa hospitali alijaribu, akarudi kesho yake kwa miguu, amejaa tope mpaka kwenye nyusi.

Kidonda cha shingo nilikiosha mimi. Yudita alisema atanisaidia, nikakataa. Mara ya kwanza Mama aliponiona nimeshika beseni, alihangaika kuvuta kanga kwa mkono ule wenye dripu. Akamwambia Skola kwa ile sauti iliyobaki, "Mwambie mkwe asijisumbue. Asione kidonda changu." Skola alilia. Nikamwambia Mama moja kwa moja, si kwa kupitia mtu, "Nisamehe, Mama, naosha." Akafumba macho, na siku zote zilizofuata akayafumba kila nilipokaribia, ili angalau mmoja wetu asimwone mwenzake. Nilimwosha asubuhi na jioni. Siku ya sita, saa ya kutazama wagonjwa, wodi imejaa watu na mabakuli, alipumua, tukangoja apumue tena.

Baada ya hapo sikuwahi kungoja uvimbe. Niliwang'oa na mashavu yao makubwa, nikachoma ganzi mbali na usaha, kwenye mshipa wa fahamu nyuma ya taya, mahali inaposhika. Nilikwenda Kasulu kumwambia Mzee Salumu kwamba sheria yake ni mbaya. Alivua kofia, akauliza ni wangapi waliokufa kwayo. Nikamwambia mimi ninamjua mmoja, wa kwako sijui. Mgonjwa akikataa kunifumbulia kwa sababu ya ukwe, undugu au aibu yoyote, nilimfunika macho kwa kitambaa, nikamwambia mimi sikuoni wewe, naona jino. Wengi walikubali. Kumbe ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Mama tulimzika kwao Heru Juu, njia ya Kasulu ilipopitika. Baba mkwe alikuwa mzee mrefu, mkulima, mtu asiyesema ovyo. Wageni walipokwisha kula alisimama na fimbo yake, akaniita nisogee mbele, mbele ya ukoo mzima.

"Mnamwona huyu," alisema. "Mama yenu amekaa nyumbani kwake wiki tatu. Hakumvunjia heshima hata siku moja. Hata ugonjwa ulipomshika, alimtibu kwa kupitia binti yetu, hakumwingilia chumbani. Vijana wa siku hizi wangapi wangefanya hivyo? Mimi nina wakwe wanne. Mkwe ni huyu."

Watu wakapiga makofi yale yetu ya polepole, ya shukrani. Skola alikuwa kati ya wanawake, mtoto mgongoni, akinitazama. Alikuwa anajua kila kitu, pazia na viatu na wagonjwa watatu. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nimesimama tayari, na wote walikuwa kimya wakinisubiri.

Niliinama mbele ya yule mzee, nikamwambia, "Asante, baba." Akafa miaka kadhaa baadaye akinisifu hivyo hivyo kwa kila aliyemtembelea.